Utangulizi wa Elimu-Mkurugenzi: Maumbile na Tabia za Wakuu wa Kampuni Chini ya Shinikizo

Fungua daftari, mwanafunzi, na ufunge dirisha. Tutazungumzia mabadiliko ya upepo, na upepo wenyewe hutuvuruga.

Ufafanuzi wa 1. Shinikizonje ni nguvu yoyote, iwe sheria, mshindani au mteja aliyekasirika, inayomfikia mkurugenzi mkuu bila kupitia kwa katibu muhtasi wake. Iliyopitia kwa katibu muhtasi ni miadi, nayo hufundishwa idara ya jirani.

Ufafanuzi wa 2. Ubashirimvua ni hali ya kuyaona mawingu mapema. Wahenga walituachia kwamba dalili ya mvua ni mawingu, lakini hawakutaja nani aitishe kikao. Taaluma yetu yote imejengwa juu ya upungufu huo.

Aina ya I: Mchekaji. Mwaka 2007 Steve Ballmer wa Microsoft aliulizwa kwenye televisheni kuhusu iPhone, akaangua kicheko: dola 500, tena haina kibodi! Kichekometria hutenganisha kicheko cha meno, ambacho ni cha wanahabari, na kicheko cha tumbo, ambacho ni cha wanahisa. Cha Ballmer kilianzia menoni kikashuka. Anayebisha arudie somo.

Aina ya II: Mfunikaji. Usimchanganye na Kipofu, kosa linalowaangusha wengi mtihanini. Kipofu haoni wingu. Mfunikaji amelitengeneza mwenyewe na kulifungia kabatini. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, aliunda kamera ya dijitali yenye ukubwa wa kibaniko cha mkate, iliyohitaji sekunde 23 kuhifadhi picha moja. Wakubwa wake walikuwa wanakula kwa filamu, hivyo hawakuwa na haraka nayo. Januari 2012 kampuni iliomba mahakama iikinge na wadai.

Aina ya III: Mtokaji. Hapa weka kalamu chini usikilize. Mwaka 1985 Wajapani walikuwa wakiibana Intel katika biashara ya chipu za kumbukumbu. Andrew Grove akamuuliza Gordon Moore: tukifukuzwa, mkuu mpya atafanya nini? Moore akajibu kwamba ataachana na kumbukumbu. Basi, akasema Grove, kwa nini tusitoke mlangoni, turudi, tufanye hayo wenyewe? Intel ikahamia kwenye vichakataji, na wachumi hadi leo wanapoteza muda kwa vichakataji hivyo.

Swali ni mlango. Wafuasi wa Utokaji-Halisi husema miguu ilivuka kizingiti. Wafuasi wa Utokaji-Dhahania husema hakuna aliyenyanyuka kitini. Mimi, kama mwasisi wa Mlangolojia, nauliza lililo zito zaidi: mlango ulifungukia wapi? Ukifungukia ndani, anayetoka hulazimika kurudi nyuma hatua moja kwanza, na hatua hiyo ndiyo mkakati wenyewe. Ukifungukia nje, Intel ilibahatika tu. Isitoshe, Moore alikuwa mwenyekiti na Grove rais wa kampuni, kwa hiyo suala la nani atangulie lingeweza kuchukua robo nzima ya mwaka.

Aina ya IV: Mbashiri. Pierre Wack na wenzake wa Shell waliwasimulia wakurugenzi wao uwezekano wa mtikisiko wa mafuta kabla ya Oktoba 1973, na ulipofika kampuni ilikuwa imejiandaa kuliko wenzake. Kiumbe huyu hacheki, hafuniki, wala hana mlango wa kupimwa. Hatoki mtihanini.