Wiki Mbili za Rangi

Kila kiangazi cha Ulaya, vijana wa kanisa huchangishana nauli, wakaja Afrika Mashariki kupaka rangi ukuta wa darasa. Fulana sare, picha na watoto, wiki mbili, kwaheri. Nauli ya mmoja ingemlipa fundi wa hapa miezi kadhaa, naye asingepaka na vioo vya madirisha. Mbesa, wilayani Tunduru, mkoa wa Ruvuma, inatufundisha vingine: hospitali ya misheni pale haikusimamishwa na wapita njia. Wamisionari wa Kijerumani walikaa miaka, wakajifunza Kiswahili.

Watatuambia: tunajenga upendo, si ukuta. Haya, ila upendo usiojua hata kuitikia shikamoo unahitaji mkalimani, naye huyo ametolewa kazini kwake. Watasema tena: je, daktari bingwa wa upasuaji? Huyo karibu sana, mradi amfundishe mwenzake mwenyeji, maana mshono hufumuka mgeni akiwa keshapanda ndege. Waliobaki watume nauli tu. Rangi tunajua kupaka.