Muulize Mjomba Waya

Barua za masika, 2003. Mfuko wa wiki hii umejaa simu za mezani, na Mjomba anaanza na ile yenye mkwe ndani.

*Shikamoo Mjomba. Nimeunga intaneti nyumbani, simu tunayo moja tu. Mama mkwe yuko Tanga, na kila akipiga jioni anakuta inatumika. Sasa amemwambia mke wangu kwamba nimeweka mkonga pembeni makusudi, nisiulizwe habari za mabati aliyoniagiza. Nifanyeje?*
Mkwe Mwema, Tabata

Marahaba mwanangu. Kwanza, hayo mabati umeshanunua? Naona barua yako imepita pembeni ya swali hilo kwa ustadi mkubwa.

Mama hajakusingizia. Modemu hupiga simu kama mtu yeyote: inapiga namba ya mtoa huduma, upande wa pili inapokea modemu mwenzake, na hawaachani mpaka ukate. Wewe ukiwa unasoma habari za Simba na Yanga, nyumba nzima iko kwenye simu. Fundi atakwambia uwashe ile huduma ya kukujulisha kwamba kuna mwingine anapiga. Usikimbilie. Ule mlio kwako ni "pii" tu, lakini kwa modemu ni kelele katikati ya maongezi, na mara nyingi laini hukatika hapohapo. Ukiiwasha, mama atakupata na faili lililofika asilimia 97 litapotea. Ukiizima, faili litafika na mama atapeleka kesi kwa wazee. Fundi anadhani hayo ni mambo ya mipangilio ya kompyuta. Fundi bado hajaoa.

Dawa ni umtangulie. Ikifika saa kumi na mbili jioni, kabla hujagusa kompyuta, mpigie wewe. Mwamkie, muulize magoti yanaendeleaje, taja mabati kabla hajayataja yeye. Mkishaagana, laini ni yako.

Halafu uache tabia ya kuunganisha kwanza ndipo uanze kufikiri. Nawajua watu wanaoingia hewani, wanaandika "Mpendwa kaka, habari za siku nyingi", kisha wanatazama dari wakitafuta sentensi ya pili huku dakika za simu zinahesabiwa. Andika barua pepe zako zote laini ikiwa imekatwa, ziache kwenye foleni, unganisha, tuma na upokee kwa mpigo mmoja, kata. Makala ndefu ihifadhi, uisome baadaye na chai. Na kama kuna simu ya pili chumbani, ichomoe. Mtu akiinua mkonga ule kuangalia kama simu ni nzima, kazi yako imekwisha.

*Mjomba, simu yangu iko ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli. Ufunguo naulalia. Mwezi huu bili imekuja mara tatu ya kawaida! Nani ananiibia?*
Baba Mwenye Nyumba, Mwanga

Mzee wangu, modemu haipigi kwa kidole. Inachomekwa kwenye tundu la ukutani, kwa hiyo kufuli lako linalinda vitufe tu. Mtafute mwanao wa kidato cha tatu anayesema anafanya "hesabu" kwenye kompyuta. Na kabla hujavua mkanda, angalia kama programu imewekwa ijipigie yenyewe kila laini ikikatika. Pengine kijana alishalala zamani na modemu ikaendelea kumfanyia hesabu.

*Mjomba, nimenunua modemu Kariakoo. Boksi limeandikwa 56K, kompyuta inaniandikia 28,800. Nimrudie muuzaji na mgambo?*
Niliyeibiwa, Chang'ombe

Muuzaji huyo ana dhambi zake, ila hii si mojawapo. Biti 56,000 kwa sekunde ni ahadi ya maabara: waya mfupi, msafi, na mtoa huduma aliyeungwa kidijitali na kituo cha simu. Hata hapo ni kwa kupokea tu. Ile milio ya mwanzo inayokukera ni modemu mbili zinapimana. Zinaanza juu, zikisikia kelele zinashuka, mpaka zipate kasi ambayo waya utaibeba. Waya wako umebeba 28,800, ushukuru. Masika haya maji yanaingia kwenye maungio mitaani. Inua mkonga, bonyeza namba moja ili mlio unyamaze, usikilize. Ukisikia mikwaruzo, muite fundi wa simu, mgambo muache apumzike. Na ngurumo ikianza chomoa waya wa simu pia, usichomoe wa umeme peke yake. Radi huingilia humo, hata kompyuta ikiwa imezimwa.

Tena hata waya ungekuwa safi, bado kuna angani. Mkongo wa baharini umepita pwani ya magharibi ya Afrika, sisi wa mashariki bado. Ombi lako linapanda kilomita 36,000 hadi kwenye satelaiti, linashuka ng'ambo, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Karibu nusu sekunde imekwenda na hujaona hata herufi. Zima picha kwenye kivinjari, usome maneno.

*Mjomba, shemeji yuko Ohio, ametuma picha sita za harusi kwa barua pepe. Tangu Ijumaa barua nyingine haziingii. Zikifika nusu, laini inakatika, zinaanza upya.*
Dada wa Bwana Harusi, Morogoro

Kila picha kama ina megabaiti moja, sita ni sita, na zikifungashwa kwenye barua pepe huongezeka theluthi. Kwa laini ya 28,800 hiyo ni zaidi ya nusu saa bila kukohoa. Nenda intaneti kafe, fungua sanduku lako kwa kivinjari, ifute barua hiyo hukohuko kwenye seva. Kisha mwambie shemeji azipunguze picha, atume moja moja, aanze na ile uliyomo wewe.

*Mjomba, mume wangu anaunganisha saa saba za usiku, anasema ndipo intaneti inapokimbia. Modemu ikipiga kelele pacha wanaamka. Ni kweli au nadanganywa?*
Mama Pacha, Moshi

Ni kweli, mama. Usiku wanaogombania njia ya mtoa huduma ni wachache. Kelele nazo zina dawa: kwenye mipangilio ya modemu, pale pa amri za ziada, ukiandika ATM0 inakuwa bubu kabisa. Lakini mumeo usimwambie hiyo. Mwambie aandike ATL1, inayopunguza sauti tu. Pacha watalala, na wewe bado utajua ameingia saa ngapi.