Mpeni Bayosi Maua Yake

Dukani, laptopu iliyotumika husifiwa kwa kila kitu isipokuwa kile kinachoiamsha. Muuzaji wa Kariakoo atakutajia i7, RAM ya giga nane, SSD, skrini isiyo na mkwaruzo na chaji inayokaa “toka asubuhi mpaka jioni, bosi”. Hata begi la bure atalisifia. Hutamsikia akisema, “Kaka, njoo kwanza uone bayosi yake.” Dhuluma hii ni ya siku nyingi. Jina BIOS lilitoka kwa Gary Kildall na mfumo endeshi wake wa CP/M miaka ya 1970, likahamia kwenye kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, na hadi leo mrithi wake, UEFI, mafundi wanamwita bayosi tu. Mimi nataka nimpe maua yake angali hai, maana wengi humtaja siku mashine inapogoma kuwaka.

Kwanza, ana haya. Anakaa kwenye chipu ndogo yenye miguu minane, na hajionyeshi ovyo. Ukitaka kumwona lazima ubonyeze kitufe chake kabla hajapita: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ukizubaa kidogo, Windows imeshafika na unaanza upya. Wenye papara hupiga mstari mzima wa vitufe, toka F1 hadi F12, wakaishia kwenye kipimo cha RAM kinachotambaa taratibu huku muuzaji akipiga miayo. Wamestahili.

Pili, na hapa ndipo hana mpinzani, hasemi uongo. Wengine wote wanaoizungumzia laptopu hiyo wana maslahi. Stika ya pembeni inasema i7; bayosi anasema i5. Muuzaji anasema ilikuwa ya bibi mmoja Uingereza, akiandikia barua tu. Bayosi anakuonyesha namba ya mali iliyoandikwa na kampuni na haikufutwa na mtu, na bibi yule anageuka kuwa idara nzima ya ofisi. Windows iliyopigwa jana usiku haikumbuki lolote. Saa ikikwambia ni Januari ya mwaka ambao modeli yenyewe ilikuwa haijatengenezwa, ujue kibetri cha saa kimekwisha. Na kwenye Dell nyingi kuna ukurasa unaotaja afya ya betri kubwa. Hapo ndipo ile “asubuhi mpaka jioni” inapokuwa saa moja na nusu.

Uaminifu wake ndio unaowaliza watu. Mwajiri amesahau, mfanyakazi ameacha kazi, laptopu imevuka bahari ndani ya kontena, lakini bayosi yupo mlangoni, bawabu asiyelipwa mshahara, anadai paswedi ya msimamizi. Fundi anachomoa kibetri cha saa, anangoja, anakirudisha. Kwenye kompyuta za mezani za zamani ujanja huo ulifua dafu. Kwenye ThinkPad paswedi hiyo imeandikwa ndani ya chipu isiyohitaji umeme ili kukumbuka, na maelekezo ya Lenovo hayana unafiki: ukiisahau, badilisha ubao mama. Katika mji ambao siri ya jirani hailali, nani mwingine anatunza jambo namna hii?

Mtazame pia kwenye kipengele cha Computrace, mlinzi wa kufuatilia laptopu zilizoibiwa. Kwenye Dell nyingi za miaka ya nyuma, aliyechagua kukiwasha amekiwasha daima, na aliyechagua kukizima vivyo hivyo. Hakuna kurudi nyuma. Kubadilisha diski hakusaidii, kwa sababu kiapo hicho hakikuwekwa kwenye diski. Ukikikuta kimewashwa kwenye laptopu inayouzwa nusu bei, umeshajua bei imeshukaje.

Sasa unakuja na flashi yako ya Linux. Bayosi hakurupuki. Diski ameiweka kwenye hali ya RAID, kama Dell nyingi zinavyotoka kiwandani, na programu ya kusakinisha inaapa kwamba laptopu haina diski kabisa. Watu wamerudisha mashine nzima dukani kwa ajili hiyo, kumbe dawa ni kubadilisha RAID iwe AHCI, jambo la vitufe vitatu. Secure Boot, kinga ya wakati wa kuwaka, nayo inalaumiwa bure: Linux ya Debian inaelewana nayo tangu toleo la 10, mwaka 2019. Wivu wa kweli uko kwenye ThinkPad X230. Ukimpachikia kadi ya Wi-Fi asiyoitambua, anasimamisha kila kitu, anaandika kosa namba 1802 na kukuamuru uzime mashine uitoe. Kadi ni nzima, ila haimo kwenye orodha yake ya wageni.

Na mgumu huyu ana mwili mwepesi. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi cha CIH kilifuta bayosi za kompyuta nyingi. Desemba 2017 ilibidi Linux ya Ubuntu 17.10 iondolewe kwa muda mahali pa kupakulia, kwa kuwa iliharibu bayosi za baadhi ya laptopu za Lenovo: mipangilio ikakataa kuhifadhika, na nyingine zikawa haziwezi tena kuwaka kwa flashi. Yaani mwokozi ndiye aliyemjeruhi bawabu. Siku unamsasisha, basi, chomeka chaji na usisogee.

Muuzaji akikuona umeshika F2 kabla hujashika pochi, sauti inabadilika. “Bosi, huko usiguse, utaiharibu.” Gusa. Ukikuta paswedi, atakwambia yupo fundi ghorofa ya pili, anaitoa dakika tano tu. Mwambie aipandishe kwanza kwa huyo fundi. Wewe utamsubiri hapo hapo kaunta, na hela yako mfukoni.