Mashine Ni Moja, Wataalamu Ni Ukoo Mzima

Ukitaka kujua una ndugu wangapi, tangaza harusi. Ukitaka kujua wangapi kati yao ni wataalamu wa kompyuta, andika kwenye kundi la WhatsApp la familia kwamba unatafuta laptopu. Watu ambao tangu mwaka uanze hawajachangia hata salamu watakujibu kabla hujaiweka simu mezani. Hakuna atakayeuliza unataka kuifanyia kazi gani. Kila mmoja atakutajia aliyonayo yeye, kisha atakuonya dhidi ya aliyonayo mwenzake.

Sababu ya kuingia kwenye balaa hili ilikuwa nzito. Laptopu yangu ilikuwa ikitumia Windows 10, mfumo ambao Microsoft waliupangia tarehe ya kustaafu: 14 Oktoba 2025, baada ya hapo hakuna tena masasisho ya bure ya kawaida. Windows 11 nayo ina masharti yake. Inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane. Yangu ilikuwa ya kizazi cha sita. Juu ya hapo, betri ilishakufa zamani, kwa hiyo mashine iliishi kwa waya, na luku ikiisha inaondoka bila kuaga. Kuna mteja niliyemtumia ripoti iliyoishia kwenye maneno “kwa hiyo tunapendekeza”. Akanipigia kunishukuru kwa kumwachia nafasi ya kufikiri.

Wa kwanza kujibu alikuwa mpwa wangu, mbunifu wa mabango, ambaye hawezi kumaliza kukusimulia foleni ya Ubungo bila kuitaja MacBook yake. “Shikamoo mjomba. Achana na hizo takataka. Ukishika Mac hutarudi nyuma.” Ijumaa jioni akaniletea yake nikae nayo wikiendi nzima, nijionee.

Nikajionea. Tangu mwishoni mwa 2020, Apple walipoanza kutumia prosesa zao wenyewe, kwa kuanzia na M1, MacBook Air haina hata feni. Iko kimya, haichemki mapajani, na betri yake inavuka siku ya kazi. Jumamosi niliandika kutwa, na habari za umeme kukatika nilizipata watoto wa mtaa waliposhangilia kurudi kwake. Hapo moyo ulishaanza kulainika.

Lakini wikiendi ile nilikuwa pia katibu wa kamati ya harusi, na kamati ina mambo yake. Kwanza vidole. Vimezoea Ctrl na C tangu enzi za intaneti kafe. Huku kitufe cha kunakili kimehamia Command, kwa hiyo nilinakili hewa na kuibandika kwa umakini mkubwa. Kitufe cha kufunga dirisha kimehamia kushoto, na ukikibonyeza dirisha linatoka lakini programu inabaki, imekaa pale chini inakusikiliza. Halafu flashi ya kamati. Ni ile ya mdomo mpana, na mashine ina matundu mawili tu, yote membamba. Nikaifuata adapta mjini, na nauli ya kwenda na kurudi ikaipita bei yake.

Mwisho nikauhifadhi muhtasari wa kikao na orodha ya ahadi kwenye flashi, nikakimbilia steshenari kuchapa. Kijana akaifungua flashi, akaitazama, akainamisha kichwa. “Mzee, hili faili kompyuta yangu hailijui.” Nilikuwa nimeandikia Pages, programu inayokuja na Mac, na kompyuta yake ilijua Word. Hakuna aliyekosea. Mac ilifanya kazi yake, steshenari ilifanya kazi yake, muhtasari tu ndio haukuchapwa. Kikaoni nikaeleza kwamba muhtasari upo ila hauonekani. Mama mmoja mjumbe akasema hivyo ndivyo mhazini wa harusi iliyopita alivyosema kuhusu pesa.

“Mjomba, si ungeugeuza tu uwe PDF,” mpwa akaniambia Jumatatu alipokuja kuchukua mashine yake. “Mbona ni rahisi?” Kila mfumo ni rahisi kwa mtu anayeujua tayari. Nikamuuliza bei ya mpya. Aliyoitaja ni ya bodaboda mpya, na bodaboda jioni ileile inaleta hesabu.

Shemeji yangu hakutaka nisikie habari za kununua kabisa. Yeye anasimamia seva za kampuni fulani na anaamini umaskini wa nchi unatokana na watu kununua vitu ambavyo wangeweza kuvisanidi. “Shemeji, wewe huhitaji laptopu mpya. Unahitaji Linux.” Kisha akanipa historia bila kuombwa. Mwaka 1991, mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds alitangaza kiini cha mfumo alichokuwa akikiandika kwa kujifurahisha tu. Leo kompyuta kuu 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zote zinatumia Linux. Hata simu za Android zimejengwa juu ya kiini hichohicho. Hoja hii ya mwisho inauma, maana watu wengi wanaolalamika kwamba Linux ni ngumu huandika malalamiko yao kwa simu za Android.

Akaja Jumapili iliyofuata na flashi yake. Pilau halijaiva, mfumo ulishaingia, na laptopu yangu ya kizazi cha sita ikaamka kwa wepesi ambao haikuwa nao tangu niinunue. Ndani yake mlikuwa na LibreOffice, programu ya ofisi yenye kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia. Nilipoiwasha kamusi hiyo, kwa mara ya kwanza neno “wameshakubaliana” lilipita bila mstari mwekundu chini yake. Shemeji akanikumbusha kwamba hapa Dar, Chuo Kikuu kilikuwa na mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu 2004, wakati wengine wetu tulikuwa bado tunajifunza kushika kipanya. Nikaona nimefika. Baadaye nikagundua kuwa LibreOffice hiyohiyo, na kamusi yake, hupatikana bure kwa Windows na Mac pia, kwa hiyo hoja yangu kubwa ya kuhamia Linux haikuwa ya Linux.

Kesho yake, nikiwa peke yangu, mashine ikaomba nenosiri kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Nikaandika. Kimya. Si herufi, si nyota, si nukta. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Nikapuliza kibodi. Nikaigeuza mashine kichwa chini nikaitikisa, zikadondoka punje za ufuta. Nikampigia shemeji.

“Inaandika, shemeji, ila haionyeshi. Ni usalama.”

“Usalama dhidi ya nani? Niko sebuleni kwangu.”

“Dhidi ya anayechungulia nyuma yako.”

Nikageuka. Nyuma yangu alikuwapo mama mkwe, na macho yake yalikuwa kwenye tamthilia ya Kituruki.

Niseme haki: mfumo wenyewe haukunitesa. Kilichonitesa ni kwamba mtaani kwetu anayeujua ni shemeji peke yake, na shemeji anapatikana kuanzia saa nne usiku, seva zake zikishatulia. Printa ya kamati ilipogoma kuonekana saa tatu asubuhi, ilibidi isubiri saa kumi na tatu ili igome mbele ya mtaalamu.

Jirani yangu mwalimu naye alinivuta pembeni getini, akanong’ona: Chromebook. Nyepesi, inawaka upesi, haishiki virusi ovyo. Hakutaja kwamba kila modeli ina tarehe ambayo masasisho yake yanakoma. Google walitangaza mwaka 2023 kwamba modeli za kuanzia 2021 zingepata miaka kumi, lakini hii yake ilikuwa ya zamani zaidi, kutoka shule fulani ya ng’ambo, na kibandiko cha shule bado kilikuwa mgongoni. Angalau yeye alikuwa muwazi kuliko wote. Ushauri wake ulikuwa na bei: laki mbili, maongezi yapo.

Wakati huohuo kundi la familia lilikuwa linawaka moto. Mpwa alimwita shemeji fundi redio. Shemeji alimwita mpwa mateka wa tufaa. Wajomba wa Morogoro, ambao wote wanatumia Windows za ofisini, walikuwa wanawacheka wote wawili. Nikajaribu kuwapatanisha kwa historia. Nikawaandikia kwamba Apple waliwashtaki Microsoft mahakamani mwaka 1988, lakini Agosti 1997, kwenye mkutano wa Macworld huko Boston, Steve Jobs mwenyewe alitangaza kwamba Microsoft wanawekeza dola milioni 150 ndani ya Apple. Uso wa Bill Gates ukatokea kwenye skrini kubwa na ukumbi ukazomea. Jobs akawaeleza kwamba si lazima Microsoft washindwe ndipo Apple wapone. Na Microsoft hao hao, mwaka 2016, walijiunga na taasisi ya Linux Foundation, na leo unaweza kuendesha Linux ndani ya Windows yenyewe. Yaani wenye ugomvi walishapatana, wakala na kunywa, na waliobaki vitani ni ukoo wetu. Jibu lilikuja kutoka kwa shangazi: “Sasa huyo Jobs anasema tununue ipi?”

Nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Kijana akanipokea kwa mikono miwili. “Karibu bosi. Hii i7, chuma cha Dubai, haina longolongo.” Nikasoma kibandiko: i7-4600U. Kwa prosesa za enzi hizo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, kwa hiyo hii ni ya kizazi cha nne, yenye viini viwili. Pembeni yake, kwa bei ya chini kidogo, ilikuwapo i5-8250U, kizazi cha nane, viini vinne, na masharti ya Windows 11 inayatimiza. Nikasema naitaka ile ya i5.

“Bosi, saba si kubwa kuliko tano?”

Kwa hesabu, alikuwa sahihi. Nikamuuliza kama nikitaka Linux anaweza kuniwekea. “Tunaweka.” Ipi? “Yoyote unayotaka, bosi, zote ni moja.” Kwa lugha ya shemeji, sentensi hiyo ni kufuru. Na programu za ofisi? “Hizo buku tano, ila usiunganishe intaneti.” Hizo nikamwachia, nikabaki na LibreOffice yangu ya bure.

Kabla ya kulipa nikakumbuka kwamba katika mkutano wote huu wa wataalamu kuna mtu mmoja hakuulizwa: fundi wa pale jirani na steshenari, ambaye kibanda chake ndiyo hospitali ya kompyuta zote za mtaa. Nikampigia kutoka hapohapo dukani. Fundi, kwa uzoefu wako, ipi nzuri?

“Mzee, kwangu nzuri ni ile inayoharibika,” akasema. “Ila isiharibike sana.”

Nikamwelewa zaidi kuliko wote. Toyota haikuiteka nchi hii kwa uzuri. Iliiteka kwa sababu ikikufia njiani, hata iwe Manyoni usiku, atatokea mtu gizani mwenye spana na atajua inaumwa wapi. Laptopu ni hivyohivyo. Mpwa wangu hakudanganya kuhusu betri, shemeji hakudanganya kuhusu wepesi, na wajomba wa Morogoro hawakudanganya kwamba ofisi nyingi zitakutumia Word. Kila mmoja alikuwa ananieleza maisha yake: nani anamtumia mafaili, anachapa wapi, na anampigia nani kikiharibika. Unachonunua ni mashine moja na watu wake wote. Mpwa angeishi nyumba moja na mimi, Mac ingekuwa nyepesi kama alivyoahidi. Shemeji angeamka asubuhi, ningekuwa mwana-Linux mwaminifu.

Nikachukua ile i5 ya kizazi cha nane kwa laki sita na kitu, Windows 11 ndani yake, kibodi inayofunguka kwa skrubu za kawaida, na chaja ambayo fundi anayo droo nzima. Ile ya zamani imebaki na Linux, na mama mkwe anaangalizia tamthilia. Hajawahi kuuliza mfumo gani, anauliza tu kwa nini bando limeisha.

Kwa hiyo ukijiandaa kununua, hoja za mitandaoni ziache kwanza. Jiulize steshenari ya mtaani kwako inafungua nini, wanaokutumia kazi wanaandikia nini, na ni nani utakayempigia saa tatu asubuhi akapokea. Ukikosa jibu kwa yote matatu, nunua kaunta buku la kwaya mbili. Halihitaji masasisho, steshenari zote wanalitambua, na ukilimwagia chai unalianika juani.