Namna ya Kunyimwa Inua Jamii na Usijue Sababu

Umeomba pesa za Inua Jamii, msaada wa serikali ya Kenya kwa wasiojiweza, kwa ajili ya mtoto asiyeweza hata kuketi bila kushikwa, na jina halikutoka. Pole sana, ndugu yangu. Hatari iliyobaki ni moja tu: huenda ukajua sababu, na ukiijua itakubidi ufanye kitu. Uwe Ndhiwa, Mbita au Rongo, fuata maagizo haya na hutaijua.

1. Tafuta wa kulaumu. Naibu wa chifu anafaa. Tangaza kwenye kibanda cha chai kwamba nafasi zimeuzwa, kisha usimuulize mtu yeyote. Ukiuliza utaambiwa kwamba kila eneo lina nafasi zake, na zikijaa unangoja mtu atoke au serikali iongeze. Habari kama hiyo haina utamu wa kusimulia.

2. Changanya kadi na pesa. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutolewa baada ya mtu kupimwa hospitalini, na ina manufaa yake: mwenye mshahara akipata cheti cha msamaha, shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi hazikatwi kodi. Inua Jamii ni jambo jingine. Kwa upande wa ulemavu, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba maskini yenye mtu wa kuhudumiwa mchana na usiku. Anayetembea kwa gongo na kuuza omena sokoni ana haki ya kadi, lakini pesa hizi hazikukusudiwa yeye. Wewe itikise kadi dirishani na useme, "Na hii je?"

3. Siku ya kuandikishwa, jipambe. Hapa ndipo penye ufundi. Anakuja kijana kuuliza paa ni la nini, mnapikia nini, mna ng'ombe wangapi. Mgeni ni mgeni: azima viti vya kanisa, azima sola ya shemeji. Ng'ombe wa jirani akiwa amefungwa uani kwako, usimkane, ni aibu.

Kisha litakuja swali lenyewe. "Mama, mtoto anakula mwenyewe?" Jibu upesi: "Anakula vizuri, Mungu ni mwema." Usitaje kwamba unamshika shingo kwa mkono mmoja na kijiko kwa mwingine, uji unarudi kifuani, unafuta, unaanza tena, na saa nzima imeisha. "Anavaa mwenyewe?" "Anajaribu." Kijana anaandika anachosikia. Majirani nao wanasikiliza, na afadhali kukosa pesa kuliko kuonekana mmelemewa.

4. Msahau nyanya. Amevuka miaka 70 na anapokea pesa za wazee, naye mnakula chungu kimoja. Nyumba inayopokea msaada mmoja wa namna hii kwa kawaida haiongezewi wa pili. Usilitaje jambo hili kabisa, sajili italitaja kwa niaba yako, nawe utapata nafasi ya kushangaa.

5. Acha majina yapishane. Kwenye kipande mlezi awe Nyang'or, kwenye fomu Nyangor. Karani atakuambia karekebishe. Mjibu kwamba ukoo mzima unakufahamu.

6. Usikate rufaa kwa maandishi. Fomu za malalamiko zipo. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 pia kinakupa haki ya kuandikiwa sababu, uamuzi wa ofisi ukikuumiza. Basi nenda Ijumaa alasiri, bila karatasi hata moja, uulize mkubwa yuko wapi.

Barua ya sababu ikikufikia hata hivyo, usiifungue. Mpelekee yule bwana wa stendi ya Homa Bay anayemjua mtu Nairobi. Ataomba nauli. Mpe. Wiki ijayo atakuambia faili imeonekana, imebaki sahihi moja tu, na nauli ya kurudi.