Namna ya Kupumzika Mbali na Siasa kwa Siku Saba, Sagalla

Anza kwa kujikagua. Ukiwa unaamka saa kumi alfajiri kutazama nani amehama chama, ukiwa unakumbuka kwamba Seneti ilimwondoa naibu wa rais Oktoba 17, 2024 lakini hukumbuki mwanao yuko darasa gani, umechoka. Mimi nilichoka hivyo. Tangu Juni 25, 2024, vijana walipoingia Bungeni kuupinga Mswada wa Fedha na wengine wakapigwa risasi, sikuwa nimelala usingizi wa kushiba. Niliona kwamba nikiacha kufuatilia nitakuwa nimewasaliti. Sasa naamini aliyechoka hubakiwa na makelele tu, na vijana wale wanastahili zaidi ya makelele.

Nenda mahali palipo na mtu wako. Hoteli haifai: kila ukumbi una televisheni, na kila televisheni ina wachambuzi wanne wanaokatizana maneno. Tafuta jamaa atakayekukabidhi jembe kabla hujamaliza chai. Wangu ni mjomba aliye Sagalla ya chini, karibu na Voi, kaunti ya Taita Taveta.

Panda treni ya asubuhi kutoka Syokimau, ile inayosimama vituoni, ukae dirishani. Ukishapita Mtito Andei uko Tsavo. Reli imepanda juu ya tuta, na chini yake zimeachwa njia za tembo. Ukimwona mmoja mtazame mpaka apotee machoni. Jirani yako kwenye kiti akikuuliza wewe ni wa wantam au wa tutam, yaani rais akae muhula mmoja au miwili, mpe karanga, umuulize anashukia wapi. Wangu alikuwa anampeleka mama yake nyumbani kutoka hospitali, na tulizungumza habari za mama huyo hadi Voi.

Simu usiizime, maana utaiwasha. Mpe mkaza mjomba aifungie kabatini pamoja na sukari. Yeye hutoa sukari kwa kipimo, na simu ataitoa vivyo hivyo.

Redio ni mtihani mkubwa zaidi. Mjomba wangu hakosi taarifa ya habari ya saa moja jioni, na huifungulia sauti hadi mwisho ili na jirani asikie. Usimwombe apunguze; ile ni nyumba yake. Saa moja kasoro, omba kazi ya kuwarudisha mbuzi zizini. Mbuzi mmoja mkaidi atakutosha kwa taarifa nzima na matangazo ya vifo.

Kisha watakuja wazee. Mgeni wa mjini hupokewa kama gazeti la leo, na swali ni moja: "Nairobi wanasemaje?" Wajibu kwa heshima, sentensi mbili, halafu uliza kama vuli imeshika. Hapa vuli ndiyo tegemeo, kwa kuwa masika mara nyingi huwapita kando. Utasikia nani amepanda pojo, nani amebahatisha mahindi, mbegu ya nani imeoza ardhini. Sikiliza vizuri, kwani usiku utawaona wenyewe wakiyalinda hayo waliyokusimulia.

Mbuga za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya kaunti hii. Mahindi yakianza kubeba, tembo huyasikia harufu, na giza likiingia huja. Zamani ulinzi ulikuwa debe, moto na makelele ya usiku kucha. Siku hizi baadhi ya mashamba ya Sagalla yamezungushiwa mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye nguzo na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki wakatoka, naye hurudi nyuma, maana ngozi yake nene ina sehemu laini kuzunguka macho na ndani ya mkonga. Nimeisikia ile mizinga ikiguna gizani huku mjomba amenishika mkono nisisogee. Usiku ule sikukumbuka hata waziri mmoja.

Asubuhi utakaza nyaya. Kazi hiyo usiikwepe, hata mikono ikichubuka. Mwaka wa ukame nyuki huhama na mizinga hubaki mitupu, na uzio mtupu tembo haumsumbui.

Usiku wa sita mjomba alileta mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira. Ndani zilikuwa fomu za fidia ya mahindi, msimu wa tatu huu, zimegongwa mihuri na hazijajibiwa. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na mazao nayo imeyataja. "Wewe umesoma, mpwa wangu," akaniambia. "Hebu nitazamie ni wapi nilipokosea." Nilisoma fomu zote kwa mwanga wa tochi. Hakuwa amekosea popote.

Jambo likifika hapo, mfuko usimrudishie. Hii nayo ni siasa, lakini ina shamba lake na mwenye shamba yuko mbele yako. Ndiyo maana nakuambia utie kalamu na karatasi kwenye mzigo wako, kando ya viatu vya mvua. Siku ya saba nilizunguka na mjomba nyumba kumi na moja. Kila mlangoni tuliandika tarehe, mistari ya mahindi iliyoliwa, na jina la shahidi. Mama mmoja alituonyesha nyayo alizozifunika kwa karai zisifutwe na mvua.

Jioni mkaza mjomba alinirudishia simu, imejaa chaji, na chupa ya asali. Mjomba akaipanga barua ya madai tuliyoiandika kutokana na ziara ile chini kabisa ya begi langu isikunjike.

"Huyo afisa utakayempelekea barua huko," akauliza, "huwa ofisini siku gani?"

"Jumatatu, mjomba. Nitaipeleka mwenyewe."