Barua ya Wazi kwa Wakala wa Vipimo: Njooni Mirongo Mzihakiki Nyota

Mkazi wa Mirongo,
Wilaya ya Nyamagana,
Mwanza.

Mtendaji Mkuu,
Wakala wa Vipimo,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUHAKIKI NYOTA 12 ZINAZOTUMIKA KIBIASHARA

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni raia mwema wa kata ya Mirongo, sidaiwi kodi ya pango, na nyota yangu, kwa mujibu wa wataalamu, imefunikwa. Kabla sijaeleza shida yangu naomba niwapongeze. Mama anayetuuzia sangara ana mizani yenye stika yenu. Pampu za mafuta mnazikagua. Msimu wa pamba ukifika, mkulima wa Kwimba au Magu anajua kwamba mizani ya chama cha ushirika imepita mikononi mwenu kabla ya kupita mikononi mwa karani. Lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo, mmeipiga vita mpaka wachuuzi wa viazi wanawaota usiku. Kazi hii mnaifanya kwa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na msingi wake tunauelewa hata sisi tusiosoma sheria: anayechukua hela ya watu kwa kupima, na yeye kipimo chake kipimwe.

Sasa kuna kipimo kimoja kinachukua hela za watu hapa mjini kila siku ya Mungu, na tangu nizaliwe sijaona stika yenu juu yake. Nazungumzia nyota. Sisemi zile za mbinguni, ambazo hazijamdai mtu hata senti. Nasema hizi za kwenye nguzo za umeme.

Mkija mtaziona wenyewe. Karatasi moja imebandikwa juu ya nyingine, ya juu kabisa imevalishwa nailoni isilowe na mvua: kusafisha nyota, kufungua nyota iliyofungwa, kurudisha nyota iliyoibwa, kumrudisha mpenzi ndani ya saa 24, mvuto wa biashara, kushinda kesi, kufaulu mitihani, pete ya bahati. Chini, kwa herufi nene, imeandikwa malipo ni baada ya mafanikio. Chini zaidi, kwa herufi zinazohitaji miwani, imeandikwa gharama za vifaa ni kabla. Na vifaa, Ndugu Mtendaji Mkuu, ndivyo ghali.

Tuanze na usafishaji. Nyota ya Nge ina nyota moja nyekundu katikati yake, moyo wa Nge, ambayo wanaastronomia huiita Antares. Iko mbali kiasi kwamba mwanga wake tunaouona leo kutoka Capri Point hapa mjini ulianza safari zaidi ya miaka 500 iliyopita, na kipenyo chake ni mara mamia ya kile cha jua. Mtaalamu wetu anaisafisha kwa beseni la maji ya waridi, ubani na udi, usiku wa kuamkia Ijumaa, na kufika saa mbili asubuhi mteja ameambiwa kazi imekwisha. Ninachoomba ni ufafanuzi wa kitaalamu tu: zilitumika lita ngapi? Ninyi ndio wenye mamlaka ya lita.

Pili, kuna suala la vipimo viwili kwa bidhaa moja, ambalo nadhani ni kosa hata kwenye duka la mchele. Gazeti linakupa nyota kwa tarehe ya kuzaliwa: Punda, Ng'ombe, Mapacha, na kuendelea hadi Samaki. Lakini mtaalamu wa falaki ya kitabu hakuulizi tarehe. Anauliza jina lako na jina la mama yako. Anazigeuza herufi kuwa hesabu za abjadi, anajumlisha, anaondoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo nyota yako. Mtu yule yule, dunia hii hii, anaweza kuwa Simba gazetini na Kaa kitabuni. Hakuna aliyewahi kutuambia ipi isomwe tukienda kuomba kazi.

Nimekaa na kalamu nikaijaribu hesabu hiyo. Tumchukue Musa, mtoto wa Amina. Musa kwa herufi za Kiarabu ni mim 40, wau 6, sin 60, ya 10: jumla 116. Amina, likiandikwa kama la mama wa Mtume, ni alifu 1, mim 40, nun 50, he 5: jumla 96. Ukijumlisha unapata 212. Ondoa kumi na mbili zote, inabaki 8. Musa ni Nge: mkali, msiri, asioe mwaka huu. Lakini kuna akina Amina wengi ambao jina lao huandikwa na ya katikati, nayo ina thamani ya 10. Jumla inakuwa 222, baki ni 6. Musa sasa ni Mashuke: mpole, msafi, mwenye mkono wa biashara, na aoe haraka. Herufi moja ya cheti cha mama imembadilishia kijana wa watu tabia, ndoa na mtaji. Na hapo ni Musa. Wasukuma wenye majina yanayoanza na Ng'wa wafanyeje, wakati sauti ya ng' haina herufi yake katika abjadi ya Kiarabu? Nimemuuliza mtaalamu mmoja, akanijibu, "Kijana wangu, hizo ni siri." Siku mchuuzi wa nyama atakapowajibu hivyo kuhusu jiwe lake la kilo, najua mtakavyomfanya.

Turudi kwenye hizo za tarehe, maana wenye magazeti hujiona wa kisasa. Majedwali yao ni ya zama za Wababeli na Wagiriki. Ptolemy wa Alexandria aliyapanga vizuri kitabuni katika karne ya 2. Tangu hapo dunia imeendelea kuyumba taratibu kwenye mhimili wake, digrii moja kila miaka 72 hivi, na mbingu imesogea karibu nyota nzima. Mtoto aliyezaliwa hospitali ya Bugando tarehe 1 Aprili gazeti linamwita Punda, lakini siku hiyo jua lilikuwa mbele ya kundi la Samaki. Isitoshe, kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Novemba jua hupita kwa zaidi ya wiki mbili mbele ya kundi la kumi na tatu, Ophiuchus, Mshika Nyoka, ambaye hana hata kona gazetini. Mizani ikikaa miaka 2,000 bila kurekebishwa, Ndugu Mtendaji Mkuu, mnaifanyaje?

Wakibanwa hapo, wanajimu wasomi wana jibu, na nitawatendea haki kwa kulitaja. Wanasema nyota zao si yale makundi ya mbinguni bali ni majira: Punda huanza siku majani yanapochipua baada ya baridi, Mizani huanza karibu na tarehe 23 Septemba, mchana na usiku vinapolingana. Sawa. Ila majani hayo huchipua Ulaya. Sisi tuko digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta. Mwezi Machi huku ni wa kutazama Mto Mirongo usije ukafurika. Na kuhusu mchana na usiku kulingana, tofauti ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hapa Mwanza haifiki dakika 20. Mizani yao haina cha kupima huku. Mwaka mzima pande zote mbili ziko sawa.

Mtasema huenda kipimo ni kibovu kwa nadharia lakini kinatoa majibu sahihi. Nami niliwaza hivyo, ndipo nikawatafuta waliothubutu kupima. Mfaransa Michel Gauquelin alitangaza katika gazeti la Paris kwamba atampa mtu yeyote utabiri wa nyota zake bure. Watu wakatuma tarehe zao, akawatumia wote karatasi moja ile ile. Zaidi ya tisa katika kila kumi walimjibu kwamba imewasoma vilivyo. Karatasi hiyo ilitengenezwa kwa tarehe ya kuzaliwa ya daktari Marcel Petiot, muuaji wa watu wengi aliyekatwa kichwa mwaka 1946. Na mwaka 1985 mwanafizikia Mmarekani Shawn Carlson alichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo wanajimu wenyewe waliliafiki kabla halijaanza. Kila mmoja alipewa chati ya mtu na maelezo matatu ya tabia, achague yaliyo ya mtu huyo. Walitarajia kupatia angalau nusu. Walipatia kama moja katika tatu, kiwango ambacho hata mwanangu wa chekechea angekifikia kwa kuchezea karatasi.

Kwetu hatujafanya jaribio la namna hiyo, na wenye nyota wameshajua jinsi ya kulikwepa. Kuelekea uchaguzi wa 2010, marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyesikilizwa kuliko wote nchini, alitabiri kwamba mwanachama wa CCM atakayejitokeza kupambana na Rais Kikwete kuwania tiketi ya chama atakufa ghafla. Kikwete akawa mgombea pekee. Utabiri ulikosea? Hapana, hakuna aliyejitokeza. Ulipatia? Hapana, hakuna aliyekufa. Na kama mtu angejitokeza akaishi, tungeambiwa ameombewa dua. Mizani ambayo mshale wake hauondoki pale pale, uweke kilo, uweke gunia, uweke na muuzaji mwenyewe, ninyi hamuiiti mizani.

Kuna jambo sitalifanyia mzaha. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama kabla haijafika bandarini kwetu. Mamia ya watu walikufa. Waliozikwa Igoma hatujawasahau. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu 228 kwenye chombo chenye uwezo wa kubeba kama 100. Katika vyombo vile walikuwemo Punda na Nge, Mashuke na Ndoo, walioambiwa mwaka wao ni wa neema na walioambiwa wajihadhari. Hakuna nyota iliyochagua. Kilichokuwa na uwezo wa kuwaonya ni hesabu ya abiria, uzito wa mizigo na uthabiti wa chombo, yaani mambo ya kupimwa na mtu mwenye kalamu ambaye hakubali kupewa soda.

Na jingine. Kipimo kisichokosea kamwe hakiishii kwenye pete ya bahati. Kanda yetu ya Ziwa inajua ramli ikishaanza kutaja majina inatokea nini. Bibi ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni anaitwa mchawi, na anakatwa mapanga. Ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kwa sababu mtu fulani kwenye kibanda alisema viungo vyao vinafungua bahati. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, ikawakamata wengine. Anayesafisha nyota atasema yeye si wao. Naamini. Lakini akiulizwa anajuaje anachokijua, jibu lake na lao ni moja: hizo ni siri.

Msidhani naichukia mbingu. Wazee wetu walilitazama kundi la nyota la Kilimia wakajua wakati wa kutayarisha shamba, na shamba liliwaambia kama wamepatia. Masheikh wanaopanga nyakati za swala na kutafuta kibla hutumia anga hiyo hiyo, na mtu yeyote mwenye saa anaweza kuwakagua wakati wa magharibi. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walijazana Rujewa, Mbarali, kutazama jua likipatwa, likabaki pete, kwa dakika zilizotajwa miaka mingi kabla. Wanaastronomia wameshatutajia jingine: tarehe 2 Agosti 2027 jua litafunikwa lote kule Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika sita. Wakikosea, dunia nzima itawacheka. Mnajimu wa nguzo ya umeme ataje siku, saa na mahali kama hivyo, nami nitakuwa wa kwanza kununua pete.

Kwa hiyo naomba mje Mirongo siku yoyote ya kazi, na mizani zenu na bahasha za lakiri. Tutawaita wataalamu wote, tutawapa tarehe za watu wasiowaona, majina ya mama zao tutayaandika kwa tahajia zote, na majibu yataandikwa na kufungwa kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Nyota ikipatia kuliko mtu anayebahatisha, igongeni muhuri na mimi nitalipa ada ya uhakiki. Ikishindwa, ifanyiwe kama mnavyoifanyia mizani ya mchuuzi: ifungiwe, mwenye nayo atozwe faini, na hela za vifaa zirudishwe kwa wenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Mirongo (Nge, au Mashuke, kutegemea tahajia)

Nakala:
Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambao mvua mara nyingine huwakosesha, lakini angalau hutaja mkoa na siku.
Wateja wote wa nguzo ya umeme: msilipe hela ya vifaa mpaka majibu ya ukaguzi yatoke.